Chuo kikikukataa moyoni: Pima mara mbili kabla ya kuhama

Na Mwandishi Wetu

Jumamosi moja miaka michache iliyopita, mwendo wa saa moja usiku, nilisikia mtu akibisha hodi. Nilipofungua mlango nilimkuta mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, amesimama na begi mgongoni. Hakuwa ametimiza hata wiki tatu tangu tumsindikize chuo kikuu kwa nderemo, picha tele na keki ambayo mama yake alikopa pesa za kuinunua.

"Habari ya jioni, mjomba," alisema, kisha akaingia, akaketi na kunyamaza. Mke wangu alimwekea chai. Alipofika nusu ya kikombe ndipo aliposema lililomleta.

"Mjomba, mimi sirudi kule. Ama nihamie chuo kingine, ama niende Gikomba nikauze mitumba na mama."

Nadhani wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kuketi mbele ya kikombe kama hicho cha chai. Mtoto amefanya vyema katika mtihani wa Kidato cha Nne, ameitwa chuo kikuu, jamaa wote wameshangilia, na kabla ya muhula kufika katikati anarudi nyumbani akisema hapo si pake. Wako wanaomkemea na kumrudisha kesho yake alfajiri. Wako wanaomhurumia na kukubali mara moja. Ninavyoona mimi, wote wawili hukosea, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la kwanza: Je, mtoto huyu anakimbia jambo, au anaelekea mahali?

Mpwa wangu alikuwa ameitwa kusomea biashara katika chuo kimoja kikubwa ambacho jina lake nitalisitiri. Baba yake, ambaye ni karani wa hesabu katika kampuni ya uchukuzi, ndiye aliyemshauri kuichagua kozi hiyo. Fomu ilijazwa kwenye simu yake, wakiwa sebuleni kwao Umoja. Yeye mwenyewe aliacha masomo ya uhasibu katikati kwa kukosa karo, na tangu siku hiyo aliapa kwamba mtoto wake mmoja atayamaliza kwa niaba yake.

Binti hakubisha. Watoto wengi hawabishi. Wanangoja mpaka wafike ndani ya ukumbi wa mihadhara ndipo mioyo yao ibishe.

NI NINI HASA KINACHOKUSUMBUA?

Usiku ule nilimpa karatasi na kalamu. Nikamwambia aandike kila jambo linalomfanya asitake kurudi, bila kuficha na bila kupamba.

Aliandika mambo tisa. Chumba kilikuwa cha wanafunzi wanne lakini walilala sita. Foleni ya chakula ilikuwa ndefu. Ukumbi ulijaa hata wengine wakasikiliza mhadhiri wakiwa wamesimama mlangoni. Hakuna mhadhiri aliyemjua kwa jina. Rafiki zake wa shule ya upili walikuwa vyuo vingine. Na kadhalika.

Nikamwambia, "Sasa chukulia kwamba kesho unapewa chumba chako peke yako, chakula kizuri na marafiki kumi. Futa yote ambayo yangekwisha."

Alifuta manane. Lililobaki lilikuwa la mwisho, tena aliliandika kwa herufi ndogo kana kwamba aliliogopa: "Sipendi ninachosomea."

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza. Tangu akiwa shule ya msingi, binti huyo alikuwa akiotesha miche ya sukuma wiki na nyanya katika mikebe kwenye roshani ya nyumba yao. Majirani walizoea kumnunulia. Katika mtihani wa KCSE somo la Kilimo ndilo aliloongoza. Alitaka kusomea kilimo cha bustani, yaani maua, matunda na mboga, lakini hakuthubutu kumwambia baba yake.

Msomaji, zoezi hili la karatasi ni rahisi na lafaa kufanywa na kila kijana anayetaka kuhama. Yale yanayofutika ni shida za ugeni. Ugeni una dawa nyingi: muda, chama cha wanafunzi, kwaya, timu ya mpira, au hata kuhama chumba tu. Yale yasiyofutika ndiyo ya kuhamia.

Kuna kijana jirani yetu aliyehama vyuo mara mbili. Cha kwanza alisema kiko mbali na mji. Cha pili akasema kiko mjini mno, kelele haziishi. Alipofika cha tatu wenzake aliomaliza nao shule walikuwa wanajiandaa kuhitimu. Shida yake haikuwa chuo. Alikuwa amezoea pombe, na pombe ilimfuata kila alikokwenda, kwa kuwa haihitaji barua ya uhamisho. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda.

Namjua pia kijana mwingine aliyepelekwa chuo cha magharibi mwa nchi, mbali na kwao Mombasa. Mwezi wa kwanza alilia kwa baridi na kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye. Aliomba kuhama, akakosa nafasi. Ilimbidi abaki. Kufikia mwaka wa pili alikuwa kiongozi wa chama cha maigizo, na leo ukimwambia chuo kile hakimfai atakugombeza. Kozi ilikuwa yake tangu mwanzo. Kilichokosekana ni muda tu.

DIRISHA HALINGOJI

Asubuhi yake tulienda Umoja. Shemeji yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele: "Mchagua jembe si mkulima."

"Lakini baba," binti akajibu, "mimi jembe ndilo ninalolitaka."

Dada yangu aliangua kicheko, akajizuia. Shemeji hakucheka. Alisema hakuuza kiwanja chake cha Kitengela ili mtoto aende kushika jembe, kwani jembe lilikuwako kijijini bila karo. Akauliza pia swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake tayari: Ada iliyokwisha kulipwa itakuwaje? Na ndugu yake mdogo aliye Kidato cha Tatu, karo yake itatoka wapi ikiwa mwaka huu utapotea?

Hayo ni maswali ya haki. Mzazi anayeuliza habari za pesa si adui wa ndoto za mwanawe. Tuliona kwamba kabla ya kugombana ni heri tujue utaratibu wenyewe ukoje.

Wanaoitwa vyuo vya umma, na hata wale wanaopelekwa vyuo vya kibinafsi kupitia serikalini, hupangiwa nafasi na shirika la KUCCPS. Shirika hilo liliundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kuchukua mahali pa ile bodi ya zamani ya JAB. Baada ya nafasi kutangazwa, KUCCPS hufungua kipindi cha kuomba uhamisho kutoka chuo kimoja hadi kingine. Maombi hutumwa katika tovuti yao, kwa akaunti ileile ambayo mwanafunzi aliitumia kuchagua kozi, na kuna ada ndogo ya kulipia. Kipindi hicho ni kifupi. Kikifungwa, kimefungwa.

Mwombaji hupimwa kwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni alama. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne, na alama zako katika kundi hilo lazima zifikie zile za mtu wa mwisho aliyechukuliwa mwaka wako katika kozi na chuo unachokitaka. Kwa hiyo gredi ya jumla haitoshi kukupa jibu. Mtu mwenye B anaweza kukosa nafasi ambayo mwenziwe wa B ameipata, kwa sababu masomo yao si mamoja. La pili ni nafasi. Chuo unakotaka kwenda lazima kiwe na kiti kilichobaki na kikubali kukupokea.

Kubadilisha kozi ndani ya chuo kilekile ni jambo jingine. Hilo hushughulikiwa na chuo chenyewe kupitia ofisi ya msajili wa masomo, aghalabu katika wiki za kwanza za mwaka wa kwanza. Wanafunzi wengi wanaotaka kuhama chuo kumbe wangeridhika kuhama kitivo tu. Uliza hapo ulipo kwanza. Mpwa wangu aliuliza, akaambiwa kozi aliyoitaka haifundishwi pale.

Tulipofungua tovuti tukakuta zimebaki siku kumi.

USIKUBALI KUSIMULIWA

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vyuo vyote hujisifu katika vitabu vyao vya maelezo, na picha zao zote zina wanafunzi wanaotabasamu chini ya miti. Njia ya pekee ya kujua ni kwenda kuona.

Kilimo cha bustani hufundishwa katika vyuo kadhaa nchini. Viwili vilivyokuwa karibu na uwezo wetu ni Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilichoko Juja, na Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro. Alama zake zilitosha kote kuwili. Basi nikaomba ruhusa kazini siku mbili, nikamchukua.

Tulianza na Juja, mwendo mfupi kutoka jijini kwa barabara ya Thika. Chuo hicho kilianza mwaka wa 1981 kama chuo cha kati kwa msaada wa serikali ya Japan, na kikawa chuo kikuu kamili 1994. Tulipenda tulichokiona. Wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu walituzungusha na kujibu maswali yetu bila haraka. Maabara zilikuwako, mashamba ya mafunzo yalikuwako, na kutoka hapo hadi Umoja ni nauli ya matatu tu. Dada yangu aliposikia habari hizo kwa simu, alisema mambo yamekwisha, Mungu ni mwema.

Kesho yake tukapanda matatu Nyamakima hadi Nakuru, na nyingine hadi Njoro. Egerton ni kikongwe kwa kilimo. Kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya wakulima, kikapandishwa kuwa chuo kikuu kamili 1987. Baridi ya Njoro ilitupokea vizuri mno hata nikajuta kuacha koti. Tuliona mashamba makubwa, ng'ombe wa maziwa, na wanafunzi waliotoka shambani na mabuti yenye matope wakielekea moja kwa moja darasani. Mpwa wangu aliwatazama kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Katika safari zote mbili alikuwa na daftari, na humo tulikuwa tumeandika maswali. Nayaweka hapa kwa manufaa ya wasomaji, kwa kuwa yanafaa kozi yoyote.

Kwanza, kozi yenyewe. Omba orodha ya masomo ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza tu. Kozi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na masomo tofauti. Uliza ni wiki ngapi za mazoezi ya kazini, na nani hutafuta nafasi hizo, chuo au mwanafunzi.

Pili, uhalali. Hakikisha kwamba kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Ikiwa ni kozi ya taaluma, nenda mbele zaidi. Uhandisi uliza Bodi ya Wahandisi, sheria uliza Baraza la Elimu ya Sheria, uuguzi uliza Baraza la Wauguzi. Kuna uchungu gani kama kusoma miaka mitano kisha ukaambiwa huwezi kusajiliwa?

Tatu, watu. Usimuulize mtu wa ofisini peke yake. Tafuta wanafunzi wawili watatu wa kozi hiyo walio mwaka wa tatu au wa nne, ambao hawana sababu ya kukubembeleza. Waulize darasa lina watu wangapi, mhadhiri hupatikana lini, alama za mitihani hutoka lini, na mwaka jana walisoma wiki ngapi bila mgomo. Kisha waulize swali moja la mwisho: Kama ungeanza upya, ungekuja hapa?

Nne, makazi. Mabweni ya chuo yanachukua wangapi? Anayekosa hulala wapi, kwa kodi gani, na njia ya kurudi usiku iko salama? Mwenye ulemavu aangalie kwa macho yake ngazi na vyoo. Mwenye pumu afikirie baridi na vumbi.

Tano, pesa. Jumlisha karo, kodi, chakula na nauli za mwaka mzima, halafu linganisha na ulipo sasa. Mpango wa ufadhili ulioanzishwa 2023, ambao ulizua kesi mahakamani, ulifanya gharama itegemee kozi na hali ya familia, kwa hiyo usichukulie kwamba mtakalolipa huko ni sawa na la hapa. Uliza kwa maandishi.

Sita, wewe mwenyewe. Unasoma vizuri palipo na shughuli au palipotulia? Unahitaji kusukumwa au huachwa ukajisukuma? Unataka kuwa karibu na nyumbani, au kuwa karibu ndiko kunakokupotezea muda?

NENO ALILOLIFICHA

Swali hilo la sita ndilo lililotuletea taabu.

Tukiwa njiani kurudi kutoka Njoro, karibu na Naivasha, mpwa wangu alisema, "Mjomba, nataka Egerton."

Nilishangaa. Juja palikuwa karibu, palikuwa na joto, na kozi ilikuwa ileile. Mama yake alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani. Nikamuuliza Juja pana kasoro gani.

"Hapana kasoro. Tatizo ni kwamba pako karibu."

Akanieleza jambo ambalo sote katika ukoo tulikuwa tumelifumbia macho. Yeye ndiye kifungua mimba. Tangu darasa la sita, kila Jumamosi na kila likizo alishinda Gikomba akimshikia mama kibanda. Mama akiumwa mgongo, yeye. Mtoto mdogo akiugua, yeye. Hata katika wiki zile tatu za chuo alikuwa ameitwa nyumbani mara mbili. Hakuwa akilalamika, kwani kibanda hicho ndicho kilichomlipia karo ya sekondari. Lakini alijua kwamba akiwa Juja, kila Ijumaa simu ingelia, naye asingeweza kukataa.

"Nampenda mama," alisema. "Ndiyo maana nataka kuwa mahali ambapo nauli itanikatalia kwa niaba yangu."

Sikuwa na jibu. Nilitazama nje mpaka tukafika Kinungi.

Wazazi wenzangu, tunapochagulia watoto wetu vyuo huwa tunahesabu majengo na majina. Tunasahau kuhesabu mizigo tunayowatwika wenyewe. Mtoto hawezi kuiandika mizigo hiyo katika fomu ya uhamisho, na wengi hawatakuambia. Watasema tu, "Nataka kwenda mbali," nawe utadhani wanataka uhuru wa kurandaranda.

Jumapili ile tuliketi tena Umoja. Binti alisema yote, na safari hii hakuandika kwa herufi ndogo. Mama yake alilia. Alisema, "Kumbe nimekuwa nikikuchosha." Binti akasema la, hakuchoshwa, ila hawezi kusoma na kuuza nguo kwa wakati mmoja. Nilidhani mambo yameharibika.

Aliyeyatengeneza ni shemeji, yule yule wa jembe. Alikuwa amelisoma daftari, ukurasa kwa ukurasa, kama karani anavyosoma vitabu vya hesabu. Alisema: "Mimi sijui miche. Lakini nimeona hesabu zake hapa. Amepiga nauli, amepiga kodi, amepiga hata bei ya mabuti. Mtu anayejua gharama ya anachokitaka si mtoto tena." Kisha akamgeukia mkewe. "Kibandani tutaajiri kijana, hata kama ni wa siku mbili kwa wiki. Tutaona."

Maombi yalitumwa usiku huo, siku tatu kabla ya dirisha kufungwa.

USIACHE MBACHAO

Hapa nataka kutoa onyo ambalo limewaponza wengi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kutuma maombi si kupata. Mpaka barua ya kukubaliwa iwe mkononi, endelea kuhudhuria masomo, fanya kazi za darasani na usirudishe ufunguo wa chumba. Mpwa wangu alirudi katika chuo kile cha kwanza, akasoma biashara kwa wiki tatu nyingine, na hata akapata alama nzuri katika jaribio la uhasibu. Kama angekataliwa, angekuwa bado na kiti chake.

Barua ikija, ondoka kwa adabu. Jaza fomu za kuondoka, rudisha vitabu vya maktaba na kitambulisho, na uombe hati zako za asili pamoja na risiti za kila ulicholipa. Ikiwa umeomba mkopo, ijulishe HELB mara moja kwamba umehama, ili pesa zisiende chuo ulikotoka huku wewe ukilala njaa ulikokwenda. Uliza pia mapema, kwa maandishi, ni kiasi gani cha ada kitakachorudishwa. Katika habari yetu kilirudi kidogo, tena baada ya kufuatiliwa kwa miezi. Mzazi aingie akijua kwamba huenda sehemu ya pesa ikapotea.

Je, aliyekwisha kupita mwaka wa kwanza? Bado anaweza kuomba moja kwa moja katika chuo anachokitaka na kuomba masomo aliyoyafaulu yatambuliwe. Lakini miongozo ya CUE hairuhusu kuhamisha zaidi ya asilimia 49 ya masomo ya kozi. Maana yake ni kwamba aliyesoma miaka mitatu kati ya minne atarudia mengi. Huyo apime sana. Mara nyingi ni afadhali amalize alichoanza, kisha afuate anachokipenda katika shahada ya pili au stashahada.

Na wale walio katika vyuo vya kadiri, vya ufundi, ualimu au utabibu, wasidhani habari hizi ni za wenzao tu. Maswali ya daftari ni yaleyale. Wako vijana waliotoka chuo kikuu wakaenda chuo cha ufundi, na leo wana karakana zao na mafundi waliowaajiri. Kuhama si lazima kuwe kupanda ngazi ambayo majirani wanaiona.

ALIPOFIKA NJORO

Huenda msomaji anataka kujua ilikuwaje. Nisimdanganye kwamba yote yalikwenda kama hadithi.

Mpwa wangu alichelewa mwezi mmoja na zaidi, na muhula wa kwanza ulimtesa. Kemia ilimwangusha, akarudia mtihani. Baridi ilimpa kikohozi kilichokaa hadi Krismasi. Siku moja alinipigia simu usiku akasema, "Mjomba, labda nilikosea." Nilimwambia achukue ile karatasi yake ya kwanza, aandike upya yanayomsumbua, kisha afute yatakayokwisha. Alikaa kimya kidogo, nikasikia kalamu. Halafu akacheka.

"Yote yamefutika," alisema. "Hata Kemia."

Dada yangu naye aliumia. Kijana wa kwanza aliyeajiriwa kibandani alitoroka na mauzo ya siku mbili. Ilichukua muda kumpata mwaminifu. Zaidi ya pesa, aliukosa ule ukaribu wa binti yake, na mpaka leo akiona wasichana wa Gikomba wakiwasaidia mama zao hunyamaza. Uamuzi mzuri huwa na mtu anayeulipia, na ni vizuri tukimtambua.

Katika mwaka wake wa tatu, binti alikwenda mazoezi ya kazini katika shamba la maua la Naivasha. Siku ya mapumziko alikuja Umoja na mfuko wa miche ya nyanya. Nilimkuta baba yake ameinama kwenye roshani, shati la kazini limekunjwa mikono, vidole vimejaa udongo, akiuliza umbali unaotakiwa kati ya mche na mche. Binti alimwonyesha. Shemeji akaandika jibu hilo katika daftari la hesabu, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Kijana unayesoma haya ukiwa na barua ya kuitwa chuoni ambayo haikupi raha, usitoroke wala usijilazimishe kimyakimya. Chukua karatasi, andika, futa, kisha ukaone kwa macho yako. Nawe mzazi, akija na begi mgongoni usiku, mpe chai kwanza. Mengine yataulizwa kikombe kikifika nusu.